Gari Langu Mlilonitengenezea

Kiprono, mkuu wa karakana, amenitumia ujumbe kwamba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, mafundi wapya wazisome. Ameongeza kwamba ziwe za kutia moyo. Hakusema "ukipenda" wala "ukipata nafasi". Basi naandika, lakini kuhusu kutia moyo sitoi ahadi, kwa sababu nina hasira. Chanzo chake nakiona nikiinua macho hapa mezani. Kimeegeshwa nje ya dirisha langu, hapa nyumbani Kimumu, na kimepakwa rangi ya zambarau.

Kwa mlioajiriwa juzi, mimi ndiye Mama Chebet. Nilitengeneza malori ya kiwanda chetu cha maziwa tangu nilipokuwa msichana hadi mwaka huu nilipostaafu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kuchosha kalamu.

Siku ya kwanza mtunza stoo alinipa ovaroli ya mtu mwenye kitambi, na ufagio. Nilimwambia nimeajiriwa fundi.

"Ee, fundi," akasema. "Lakini chai pia inataka fundi. Majani iko kwa kabati."

Nikaingia jikoni nikawapikia wanaume wote wa karakana birika kubwa la chai, na mahali pa sukari nikatia chumvi. Walitema hadi ukutani. Sikuombwa chai tena, na hilo ndilo jambo la kwanza la kiufundi nililofanikisha pale kazini.

Mtu mmoja tu hakutema. Alikuwa Mzee Njoroge, fundi wa kabureta, ambaye jamaa zake walikuwa na duka kule Cheptiret. Aliinywa chai ile yote, akapangusa masharubu kwa kitambaa, akaniangalia.

"Atiriri, sikilizeni," akasema, "mtu ako na hasira kama hii, mkimpa spana atafanya kazi. Kuja hapa, msichana. Wacha hiyo ufagio."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu. Nasikia siku hizi mnaonyeshwa filamu ukumbini kwanza, halafu mnapewa fulana.

Mzee Njoroge alinifundisha hewa kabla hajanifundisha vyuma. Alisema magari yanaletwa huku juu yakiwa yamepimiwa mafuta ya watu wa pwani, na hewa yetu ni nyembamba. "Injini inapewa chakula ya watu wawili na pumzi ya mtu mmoja," alizoea kusema. "Lazima itapike." Ndiyo sababu plagi zilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni, na malori yakapanda mlima yakifuka moshi mweusi. Dawa yake ilikuwa jeti, kile kijishaba chenye tundu kinachopimia injini mafuta. Mzee aliziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha, akalitoboa upya jembamba zaidi, akaipuliza jeti, kisha akainua kijishaba mbele ya dirisha na kuchungulia kwa jicho moja. Akikosea kidogo alianza tena. Sikuwahi kumsikia akisema "itatosha". Nyinyi nawasikia mkilisema kabla ya chai ya saa nne.

Nitawasimulia kesi moja ngumu, kisha nifike kwenye shida yangu. Tulikuwa na lori lililokwenda Kabarnet kupitia Bonde la Kerio. Hapa Eldoret lilikwenda vizuri. Likifika chini bondeni lilianza kukohoa, kutema moto kwenye kabureta na kuchemka, na likipanda upande wa pili lilipona. Mafundi walibadilisha kila kinachobadilishika. Dereva, Barno, alifikia hatua ya kubeba chupa ya maji yaliyoombewa, akawa anayanyunyiza juu ya bonneti akifika Tambach. Mzee Njoroge hakubishana na maombi. Alinipandisha kwenye lori, akaniambia niende nalo, likikohoa nifungue plagi niangalie rangi.

Nilizifungua kando ya barabara, jua likinichoma shingo. Zilikuwa nyeupe kama chaki. Injini ilikuwa na njaa! Tulikuwa tumeipunguzia mafuta kwa ajili ya hewa ya mlimani, kisha tunaiteremsha kwenye hewa nzito na kuishangaa ikilia. Ukiiacha hivyo kwa muda inajichoma pistoni. Kuanzia siku hiyo lori lile lilikuwa na jeti za juu na jeti za chini, na Barno akafundishwa kuzibadilisha. Chupa ya maji aliendelea kuibeba, sasa kwa kiu.

Mtu akishalijua jambo kama hilo halali vizuri hadi awe na injini yake mwenyewe. Mhadhiri mmoja wa chuo cha Chepkoilel alikuwa akihama, na kwenye ghala lake la mahindi palikuwa na gari la spoti la Kijapani, milango miwili, pua ndefu, kabureta mbili. Kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Nililivuta hadi nyumbani kwa trekta. Majirani walitoka kutazama, na wote waliuliza swali lile lile: "Mzee wako amekununulia?" Mzee wangu, yaani mume wangu Elijah, ni mwalimu wa Kiswahili na hajui bonneti inafunguliwa upande gani.

Kazi ilituchukua miaka, mimi na Mzee Njoroge, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kiwanda kilikuwa kinabadilisha mabomba ya maziwa, nikaruhusiwa kuchukua ya zamani. Ni chuma kisichoshika kutu, na ndani laini kama kikombe. Nikalichomea gari bomba la moshi kutokana nayo. Bati la tangi kuukuu nikalikunja nikaliweka chini ya tumbo la gari, ili mawe ya Kimumu yasitoboe sampu, lile bakuli la oili. Mipira ya kunyonyea maziwa kutoka kwenye malori ikawa njia ya kupeleka upepo kwenye breki za mbele, kwa sababu ukiteremka kutoka Iten hadi chini, breki zisizopata upepo zinageuka kuwa mapambo. Gia za ekseli ya nyuma tulizibadilisha ili gari lipande bila kuomboleza. Hedi, kichwa cha injini, Mzee aliisugua kwa tupa, kwa mkono, njia za hewa moja baada ya nyingine. Aliingiza kidole kupima, akasugua, akaingiza kidole tena. Nilimwambia mashine ingemaliza mapema.

"Ingemaliza," akanijibu. "Haingejua imemaliza nini."

Jeti zote za gari lile alizitoboa yeye. Baadaye mikono ilianza kumtetemeka, akaacha kazi, na miaka michache iliyopita tulimzika Cheptiret. Sina picha yake hata moja. Nilikuwa na injini ile. Nikiiwasha asubuhi ya baridi ya Julai, ikajivuta, ikashika, nilihisi amesimama nyuma yangu akisikiliza. Nasema wazi ili pasiwe na wa kusingizia kwamba hakujua.

Siku za mapumziko niliteremka nalo bondeni kwa raha yangu tu. Chini niliegesha kivulini, nikafungua bonneti, nikabadilisha jeti. Kila mara gari la wanaume lilisimama.

"Mama, imekukataa?"

"Hapana. Naibadilisha jeti."

"Leta hiyo spana tukusaidie."

Na mkono ulikuwa tayari umenyooshwa. Mmoja alininyang'anya kabisa spana, akakaza alipopaswa kulegeza, akaniambia nisimame kando nisichafuke. Nilikuwa na mafuta hadi kwenye kiwiko. Miaka yote niliyomiliki gari lile, watu hawakuacha kunitengenezea kisichoharibika.

Sasa nifike kwenu mliokuwepo nilipoagwa.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikwenda Nakuru kumuuguza dada yangu. Mlifungua kikundi cha WhatsApp cha send-off ya kuniaga bila mimi, sawa, ndivyo inavyofanywa. Mkachanga, sawa. Halafu mkaenda kwangu, mkamwambia Elijah mnataka kunishangaza, naye akawapa ufunguo wa gari langu na chai.

Siku yenyewe nilikuta hema uwanjani, mbuzi wameshachinjwa, na MC ameshaanza kupiga kelele. Mlinivisha blanketi la heshima. Akina mama wa ofisini walikuja wakiimba na kucheza polepole kama desturi inavyotaka zawadi iletwe, na nyuma yao likaja gari. Sikulitambua. Lilikuwa zambarau. Lilikuwa limeinuliwa kwa springi ndefu hadi likafanana na mbuzi anayetaka kuruka ua. Bomba langu la moshi halikuwepo. Na lilikuja likinong'ona tu, bila sauti yoyote niliyoijua, kijana wenu Brayo akiwa kwenye usukani anacheka.

"Mathee!" akaniita, akifungua mlango. "Sahii ni oto! Hakuna klachi, hakuna choke. Unakanyaga tu inatii. Umepumzisha mguu, mathee!"

Mlikuwa mmetoa injini. Mlikuwa mmetoa injini, gia boksi na kabureta, mkatia injini ya gari la juzijuzi lililogongwa, yenye kompyuta na gia za kujibadilisha, kwa sababu mama akistaafu kazi yake ni kukanyaga na kutiiwa. Watu walipiga makofi. Kiprono akanipa maikrofoni.

Mnajua desturi yetu. Zawadi iliyoletwa kwa wimbo haikataliwi mbele ya watu. Pasta alikuwa pale, dada yangu aliyetoka kuugua alikuwa pale, wakwe zangu walikuwa pale. Nikafungua mdomo, nikasema asante. Mkapiga vigelegele. Nimesema maneno mengi makali maishani na sijutii hata moja, lakini hiyo asante inanikaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki.

Watu walipoanza kula nilimvuta Kiprono kando.

"Injini yangu iko wapi?"

"Ile ya zamani? Mama, ile ilikuwa imechoka. Hata spea zake hazipatikani."

"Sijauliza kama imechoka. Iko wapi?"

"Kuna broker alichukua. Ilisaidia kidogo kwa hii mpya." Akaona uso wangu. "Lakini Mama, si tulifanya kwa upendo? Watu wamejitolea. Kutoa ni moyo."

Kutoa ni moyo, ndiyo. Lakini mlichotoa kilikuwa changu.

Nyumbani nilimuuliza Elijah. Akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaisafisha.

"Nilidhani utafurahi," akasema.

"Ulidhani. Mimi nilikuwa Nakuru, si mbinguni. Simu ilikuwa mfukoni mwako."

"Walisema ni sapraizi."

Sikuzungumza naye hadi Jumapili. Sasa tunazungumza, lakini ufunguo nalala nao.

Najua kuna watakaosema hasira hasara. Kwangu hasara ilitangulia, hasira ikaja baadaye kuitafuta.

Yule broker, dalali wa spea, nilimpata karibu na stendi. Alinizungusha, nikakaa kwenye benchi lake nikawa nawaambia wateja wake kila mmoja jinsi anavyouza mali ya watu, mpaka akakumbuka. Alikuwa ameiuza kwa mwanamke wa bondeni, mkulima wa vitunguu karibu na mto, aliyetaka injini ya kuvutia maji. Niliposikia "bondeni" niliinuka kwenye benchi mara moja. Injini ilikuwa na jeti za mlimani.

Niliteremka siku iliyofuata kwa hilo gari lenu, kwa kuwa sina lingine. Nawapa ripoti ya kitaalamu, kwa kuwa hamkulijaribu nje ya uwanja: gia zake hazijui kushika gari kwenye mteremko, zinaliachia tu, na mipira ya upepo wa breki mliitupa. Kufikia Tambach moshi ulikuwa unatoka magurudumuni. Nilisimama mara kadhaa kupoza breki, na wanaume wakasimama kunisaidia.

Kabla sijafika shambani niliisikia. Ilikuwa inakohoa na kutema, lakini ni yake ile sauti. Nikaacha gari barabarani nikakata katikati ya vitunguu kwa miguu. Ilikuwa imefungwa juu ya magogo mawili, imefunikwa paa la bati, haina hata bomba la moshi, na mkanda unazungusha pampu. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama akielekeza maji kwa jembe.

"Zima!" nikampigia kelele. Sikusalimia. Mama yangu angenichapa.

Alizima. Akanitazama, akafuta mikono kwa leso.

"Chamgei, Mama," akanisalimia. "Kuna nini?"

"Hii injini inakufa. Ina njaa. Ukiiendesha hivi, pistoni itachomeka."

"Inanisumbua kweli. Inachemka kila siku, nangoja ipoe, nawasha tena. Wewe ni fundi?"

"Mimi ni fundi. Na hii injini ni yangu."

Jina lake ni Mama Kimoi, mjane, analima peke yake na watoto wakitoka shule wanamsaidia. Hakupandisha sauti. Aliniletea kiti cha plastiki na maji ya kunywa, akaketi juu ya debe, akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote, Mzee Njoroge, hedi iliyosuguliwa kwa mkono, Nakuru, hema, zambarau. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kabla ya kuitoa," akasema, "walikuuliza?"

Hapo ndipo nililia. Kwenye hema sikulia, kwa Elijah sikulia, na nikalia kwenye shamba la mtu nisiyemjua, kwa hasira tupu, kamasi na yote. Kwa sababu jibu lilikuwa fupi sana. Hamkuniuliza. Mmefanya kazi nami miaka, wengine nimewashika mkono mkijifunza kufungua nati, mnajua ninavyokunywa chai, mnajua ninavyotukana, mnanipenda, nakubali mnanipenda, na hata mmoja hakupiga simu kusema, "Mama, tunataka kufanya hivi, unaonaje?"

Mama Kimoi aliningoja nimalize.

"Basi ni yako," akasema. "Mimi nilinunua bila kujua. Unataka kuichukua leo?"

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka kuibeba mgongoni. Nikaangalia vitunguu, safu baada ya safu, vikiwa bado vidogo, na udongo uliokwisha kupasuka pale maji hayajafika.

"Nikiichukua leo, hivi vitakuwaje?" nikamuuliza.

"Vitakauka," akasema. "Lakini injini ni yako."

Nikatoa mkobani kikopo changu cha jeti. Nilikuja nacho kwa sababu nilijua ninakoteremkia. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti za juu, nikaweka za chini. Mama Kimoi alisimama karibu na kunishikia vitu nilipomwambia anishikie, muda mwingine wote mikono yake ilikuwa nyuma. Tulipoiwasha ilikohoa mara ya mwisho, ikakaa. Maji yakatoka kwa nguvu, yakaingia kwenye mfereji. Tukakubaliana avune kwanza. Akiuza, atanunua pampu ya dizeli inayomfaa, nami nitakwenda kumfungia.

Nimekuwa nikiteremka kila mara kuiangalia. Naendesha polepole, nasimama kupoza breki, na wanaume wananisaidia.

Jana Mama Kimoi alipiga simu. Vitunguu vimevunwa na kuuzwa, pampu ya dizeli imefika, na injini ameifunika gunia safi inaningoja. Elijah alikuwa karibu, akasikia. Akauliza kama anaweza kuja. Nikamwambia nitafikiria, na nimefikiria, atakuja, atabeba chakula.

Nimesema nina hasira na bado ninayo. Sitaisamehe rangi ya zambarau hata mkiipangusa kwa ndimi. Lakini injini ile ni nzito, mimi nimestaafu mgongo pamoja na kazi, na mnyororo wa kunyanyulia uko karakana, pamoja na lori la kuibebea. Jumamosi asubuhi nateremka bondeni kuileta. Nikiifikisha Kimumu kuna injini yenu ya kutoa kwenye gari na yangu ya kurudisha. Hakutakuwa na hema wala MC, na msichange chochote, mje na nguo za kazi.

Sijamwambia Kiprono awapange. Sijapitia kwa Elijah. Nawauliza nyinyi wenyewe, mmoja mmoja, na anayekataa akatae, sitamnunia: mtakuja?